Mwaka wa Kikombe cha Bati

Wasifu wa marehemu ulipofika katikati, niliacha kujipepea. Tulikuwa tumeketi chini ya turubai nje ya kanisa letu la Likombe, jeneza la Mzee Hezekia liko mbele yetu, na binti yake mkubwa, Dorika, alikuwa anasoma kwa sauti iliyonyooka. Akasoma kwamba baba yake alikuwa msimamizi wa kanisa tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Kweli. Akasoma kwamba alibeba mawe ya msingi wa jengo hili kwa mabega yake. Kweli, nilimwona kwa macho yangu. Kisha akasoma kwamba ni yeye aliyemkaribisha marehemu Bibi Raheli, mama wa Kimakonde mwenye ndonya, kwenye Meza ya Bwana, wakati wengine walipomkataa. Watu wakaguna kwa kusifu. Mama aliyekaa kando yangu akaninong'oneza, "Huyu mzee alikuwa na upendo jamani." Mimi damu ilinipanda mpaka masikioni. Najua mtu akifa kwetu husafishwa, na sina ugomvi na kusafishwa, lakini asivishwe nguo ya mtu mwingine. Ninao umri wa kutosha sasa kusema ninachokijua, na ninachokijua ni mwaka mmoja tu, ulioanza kwa Ibada ya Agano na kuishia kwa Ibada ya Agano iliyofuata.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, na Mtwara nilikuwa na miezi mitatu. Nilipiga taipu kwa wakala mmoja wa forodha karibu na geti la bandari, nikalala kwenye chumba cha kupanga Chikongola, na Jumapili nilitembea kwa miguu mpaka Likombe, kwa kuwa huko ndiko kilikokuwa kikanisa cha Kimethodisti, chenye bati juu na sakafu ya udongo, kikizungukwa na majirani ambao karibu wote walikuwa Waislamu. Asiyetujua sisi Wamethodisti nimweleze jambo moja tu. Kila mwanzo wa mwaka tunafanya upya agano letu na Mungu. Tunasimama wote, na kila mmoja kwa mdomo wake anamwambia Mungu kwamba yeye si wake tena, ampe kazi yoyote, ampange na mtu yeyote. Ni maneno mazito, na watu huyasema kwa sauti ya juu. Nami niliyasema. Kisha tukaenda kupiga magoti mbele, kwenye ile reli ya mbao, kushiriki Meza. Kikombe kilikuwa kimoja, cha fedha, na ndani yake hakukuwa na divai bali maji mekundu ya choya, yale maua machachu, aliyoyachemsha Mama Mchungaji, maana ilikuwa miaka ya foleni na hata sukari ilipatikana kwa kujuana. Kushoto kwangu alipiga magoti mwanamke mzee ambaye sikuwahi kumkaribia. Uso wake ulikuwa na chale kutoka kipaji mpaka kidevu, na mdomo wake wa juu ulibeba ndonya, kile kipande cha mti mweusi, kipana kama kifuniko cha chupa ya chai. Mchungaji alipompa kikombe, aliinua ndonya kwa kidole kimoja, akanywa bila kudondosha hata tone. Mzee Hezekia akafuta ukingo kwa kitambaa cheupe. Kikombe kikaja kwangu.

Nilikigeuza. Nikatafuta upande wa pili, ule wa mbali kabisa na mdomo wake, na hata hapo sikunywa. Nilibana midomo, nikakiinua, nikakishusha, nikasema "Amina" nikiwa na midomo mikavu. Kinyaa ndicho kilichonishika, sina neno zuri zaidi la kukiitia. Dakika tano kabla nilikuwa nimemwambia Mungu anipange na yeyote. Nilipoinua macho nilikutana na macho ya Mzee Hezekia, ameshika kitambaa chake, akanitikisia kichwa kuniafiki, polepole, kwa upole wa mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta.

Wiki mbili baadaye nilijua alikuwa anatafuta nini. Ilikuwa Jumamosi mchana, niko jikoni kwa Mama Mchungaji tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo watu wa kusini huchemsha na kula na chai. Mlango wa sebuleni ulikuwa pazia tu, na nyuma ya pazia wazee wa baraza walikuwa wamekaa na Mchungaji. Mchungaji wetu alikuwa kijana, amehamishiwa kwetu mwaka uliotangulia. Aliyemtangulia ndiye aliyembatiza Bibi Raheli na ndonya yake bila kumuuliza mtu, kisha akahamishwa, akatuachia wazee waliokuwa bado wanachukia.

"Mchungaji, sisi hatumchukii mama wa watu," alisema Mzee Hezekia. "Ila lile dude ni alama ya unyago. Ni mambo ya giza. Na pia tuzungumze ukweli, udenda unaingia kikombeni."

"Sijaona udenda, mzee," Mchungaji akajibu, lakini kwa sauti ndogo.

"Wewe hujaona. Vijana wameona. Muulize Yunisi, yule binti mpiga taipu. Siku ya Agano alishindwa kunywa, nilimwona. Msichana msomi, mcha Mungu, ameshindwa! Tutapoteza vijana wote kwa ajili ya mdomo wa bibi mmoja?"

Mama Mchungaji aliacha kumenya. Alinitazama, kisu mkononi, na mimi nikainamia sufuria. Ningeweza kupita lile pazia. Ilikuwa hatua tatu. Ningesema, wazee wangu, kosa ni langu, msinitumie. Niliendelea kumenya, na ming'oko yangu siku ile ilitoka myembamba sana.

Jumatatu Mzee Hezekia alikuja mwenyewe ofisini kwetu na karatasi ya mkono, akaniomba niwapigie taipu muhtasari wa kikao, kwa kuwa kanisa halikuwa na mashine. Nje malori ya korosho yalikuwa yamepanga foleni kuingia bandarini na vumbi lake lilikuwa limejaa kwenye kila kitu. Nikaweka karatasi na nakala za kaboni, nikapiga. Azimio lilisema Raheli aondoe ndonya kabla ya kukaribia Meza ya Bwana. Asipoweza, atumie kikombe chake mwenyewe, naye awe wa mwisho baada ya washirika wote. Sababu: waumini wanakwazika, kama ilivyodhihirika kwa dada Yunisi. Nilipiga jina langu mwenyewe, herufi kwa herufi. Nilipiga kazi safi, bila kosa hata moja, na Mzee Hezekia akanisifu. Nakala moja ya kaboni niliitia kwenye mkoba wangu, sikujua kwa nini. Ninayo mpaka leo.

Walimsomea azimio lile Jumapili, baada ya ibada, mbele ya watu. Nilitegemea atalia au ataondoka. Bibi Raheli alisikiliza mpaka mwisho, mikono imefumbatwa juu ya kanga, kisha akasema, "Nangu, mimi, mdomo huu nilipewa kabla ya nyie kuzaliwa. Yesu alinikuta nao. Hakusema kitu." Akakaa. Mzee Hezekia akamkabidhi kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu, kimebanduka rangi chini, na yule bibi akakipokea kwa mikono miwili akasema ahsante. Ile ahsante iliniudhi kuliko azimio lenyewe. Nilitaka amtupie kikombe chake usoni.

Mwezi wa tatu mwenye nyumba wangu wa Chikongola alikitaka chumba chake ampe mpwa wake aliyeoa, akanipa siku nne. Nililitaja jambo hilo kanisani kwa watu wengi, kila mtu akanionea huruma, na huruma zikaishia hapo. Aliyenifuata nje alikuwa Bibi Raheli. "Nina chumba," alisema. "Kinavuja pembeni. Kitanda utakisogeza." Sikuwa na namna. Nilihama na sanduku langu moja, na usiniulize nilijisikiaje nikiingia kwenye mlango ule. Chumba kilikuwa na dirisha dogo la kutazamana na shamba la muhogo la jirani, kuta za udongo alizozipaka chokaa mwenyewe, na ndoo pembeni ya kukingia mvua. Aliishi peke yake. Alipika ugali wa muhogo mweupe, kisamvu kilichopondwa kwenye kinu mpaka kikalainika, na siku samaki wakishuka bei, changu wa kukaanga. Wiki za kwanza nilijipakulia sahani yangu nikakaa nayo kwenye kizingiti cha chumba changu, nikisingizia joto. Yeye hakuuliza. Alikula polepole, anainua ndonya kwa kidole kimoja, anapitisha tonge, anaishusha, na kila mara alinibakishia kipande cha mkia wa samaki kwa kuwa aliwahi kuniona nikikipenda.

Aliyeniondoa kizingitini alikuwa jirani yetu, Bi Somoe, mwanamke wa Mikindani aliyeolewa Likombe, mkali wa maneno, Mwislamu wa swala tano. Ramadhani ilipoingia alianza kutuita kwake kufuturu. Sinia moja, tambi, muhogo wa nazi, uji wa pilipili manga, na wote mikono ndani. Siku ya kwanza niliponong'ona kwamba naomba kasahani, Bi Somoe alinitazama kama nimemwomba jeneza. "Kasahani ka nini? Una ugonjwa?" Nikasema sina. "Basi sogea." Nikasogea. Mkono wa Bibi Raheli ulikuwa unachota upande huu, wangu upande ule, na katikati ya sinia tukakutana. Hakuna kilichotokea. Muhogo ulikuwa mtamu. Na tulipomaliza, Bi Somoe, ambaye habari za kanisa letu zilimfikia kabla hazijatufikia sisi wenyewe, akaniuliza huku anakusanya vyombo: "Hivi nyie watu wa kanisa, kwangu mnakula naye chombo kimoja. Kwa Mungu wenu ndio mnamtengea kikombe? Au kwangu ni pasafi zaidi?" Bibi Raheli alicheka mpaka ndonya ikatikisika. Mimi sikucheka. Nilikaa na swali lile miezi mizima, na mpaka leo sijapata mtu wa kanisa aliyelijibu.

Jumapili za Meza zilipofika, alikwenda wa mwisho. Tulikuwa tunamaliza wote, kikombe cha fedha kinafunikwa, wimbo unaanza, na hapo ndipo alipoinuka na kikombe chake cha bati. Mchungaji alimmiminia bila kumtazama machoni. Na Jumatano jioni darasa letu lilikutana nyumbani kwa Bibi, maana sisi tuna desturi hiyo, vikundi vidogo ambamo kiongozi huwauliza watu mmoja mmoja, "Roho yako iko hali gani wiki hii?" Waliompeleka mwisho walikaa kwenye mkeka wake, wakanywa chai yake kwa vikombe vyake, wakasema roho zao ni njema. Kila Jumatano nilisema, "Salama." Nilikuwa mwongo wa kila wiki.

Asubuhi moja ya Jumamosi, mwezi wa kumi, niliingia chumbani kwake kuchukua pasi nikamkuta amekaa mbele ya kioo kilichovunjika pembe. Ndonya ilikuwa mezani. Mdomo ulikuwa umening'inia, mtupu, na alikuwa anajaribu kuufunika kwa ncha ya kanga, hivi, kisha hivi. Hakushtuka kuniona.

"Nataka nione kama nitaweza kutembea hivi mpaka kanisani," alisema. Maneno yalitoka yakiwa laini, hayana mwamba wa kujigonga. "Waliponitoboa nililia siku tatu. Mama yangu akanishika kichwa, akasema, basi, sasa wewe ni mtu. Sasa wanataka niwe si mtu, ndio nilishwe pamoja na wenzangu." Akajitazama tena. "Lakini nimechoka kuwa wa mwisho, Yunisi. Kila nikipiga magoti peke yangu nasikia migongo yenu."

Nililia kwa sauti, kwa ghadhabu zaidi ya huruma, na ghadhabu yenyewe ilikuwa juu yangu. Nilimwambia asiiache, kwamba akiiacha mimi ndiye nitakayehama kanisa. Nilitaka kumwambia lililobaki, kwamba jina langu limo kwenye azimio lile, kwamba nililipiga kwa vidole hivi. Sikuweza. Nilichukua ile ndonya mezani, ilikuwa nyepesi na ya joto kidogo, nikampa mkononi. Akairudisha mahali pake. Akaniambia pasi iko chini ya kitanda.

Kwa hiyo Ibada ya Agano ilipofika tena, nilikuwa nimeshaamua. Tukasimama, tukamwambia Mungu atupange na yeyote. Mistari ikaanza kwenda mbele. Benchi letu likaitwa, nikabaki nimekaa. Mabenchi ya nyuma yakaenda, nikabaki nimekaa. Watu wakaanza kugeuka. Kikombe cha fedha kikafunikwa, Bibi Raheli akainuka na cha kwake, na mimi nikainuka nyuma yake.

Mzee Hezekia alinizuia njiani kwa mkono. "Yunisi, zamu yako imepita."

"Zamu yangu ndiyo hii, mzee."

Nikapita, nikapiga magoti kulia kwa Bibi, palepale nilipopiga mwaka uliopita. Akanywa. Mchungaji akafunua kikombe cha fedha aniletee, na mimi nikasema, si kwa sauti kubwa lakini ya kusikika, "Nipe hicho cha bati, Mchungaji." Alinitazama. Sijui alisoma nini usoni kwangu. Akakichukua mikononi mwa Bibi akanipa. Nikatafuta mahali penye unyevu, pale midomo yake ilipokuwa, nikaweka yangu hapo hapo, nikanywa mpaka nikaona bati la chini. Choya ilikuwa chachu. Nyuma yangu nikasikia hatua, Mama Mchungaji anakuja, akapiga magoti kando yangu na mtoto mgongoni, akasema, "Na mimi." Hakuna mwingine aliyekuja. Msije mkaambiwa kwamba kanisa zima liliinuka. Tulikuwa wanawake watatu na mtoto mmoja aliyelala, na wengine waliimba kwa nguvu ili wasituone.

Baraza lilikaa juma lile. Niliambiwa nimedharau Meza na kuvunja utaratibu, nikatakiwa nitubu. Nikasema kuna la kutubu, lakini si hilo, ni la mwaka wa kabla yake, na nikawaeleza. Hawakupendezwa nalo. Walinitenga na Meza miezi sita. Nilikubali adhabu, sikukubali kosa, na miezi yote sita Bibi Raheli alikaa nami kwenye benchi la nyuma, kikombe chake mapajani, hakwenda mbele hata mara moja. Adhabu yangu ilipokwisha kikombe cha bati kilikuwa kimepotea. Nilikuja kukiona jikoni kwa Mama Mchungaji, anapimia unga. Basi Bibi akarudi kunywa kikombe cha fedha pamoja na sisi, kwa kuwa chake hakipo, na Mchungaji akampa, na Mzee Hezekia akasimama pale na kitambaa chake akifuta ukingo kwa nguvu kana kwamba kuna kutu. Alifuta hivyo kila alipokunywa yule bibi, mpaka tulipomzika Bibi. Hivyo ndivyo alivyomkaribisha. Azimio lenyewe halijafutwa na kikao chochote mpaka ninapoandika.

Haya yote yalikuwa kichwani mwangu chini ya lile turubai Dorika alipomaliza kusoma na mshereheshaji akauliza kama kuna mshirika wa siku nyingi mwenye neno. Nikainuka. Mama wa kando yangu akanivuta kanga, nikajinasua. Sikwenda kumtukana marehemu. Nilifungua mkoba, nikatoa ile nakala ya kaboni, wino umefifia lakini unasomeka, nikaisoma yote pamoja na jina langu. Nikasema: aliyekataa kunywa na Bibi Raheli wa kwanza nilikuwa mimi. Mzee Hezekia aliniona, akalitumia kosa langu. Tulikuwa wawili. Tusiandike kwamba tulimkaribisha, maana aliyekaribisha ni yeye, alitukaribisha sisi, na sisi ndio tulichelewa. Dorika alikuwa analia. Sijui kama atanisamehe. Watu wengine walisema nimezeeka vibaya, na mmoja alisema nimeharibu msiba. Sawa. Nitaharibu na mingine, nikijaliwa uzima.

Kuna kitu kimoja sikukisema pale, kwa kuwa ni changu. Siku ile ya Agano la pili, tulirudi nyumbani mimi na Bibi kwa njia ya mikorosho, jua kali, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba kikombe cha bati. Tukakaribia nyumba ya Bi Somoe.

"Mwaka jana ulikigeuza kikombe," alisema, bila kugeuka.

Nilisimama. "Ulijua?"

"Nilikuwa nimepiga magoti, mwanangu. Sikuwa nimefumba macho."

Mwaka mzima. Samaki wote wale, mikia yote ile. Nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto, "Sasa mbona ulinipa chumba?"

Alinishangaa kweli, kana kwamba nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua.

"Si ulikuwa huna pa kulala?"